Bibi Pua Akabidhiwa Mashine

Mtaa mzima ulimwita Bibi Pua, na si kwa ukubwa wa pua yenyewe, ambayo ilikuwa ya kawaida tu, ya kukalia miwani. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuna kilichompita. Ukipita dirishani kwake na samaki aliyefungwa karatasi tatu, utasikia, "Leo kwenu samaki." Ukijificha nyuma ya ghala ukavuta sigara moja, halafu ukatafuna mnanaa kama mbuzi, ukikutana naye atakuuliza tu, taratibu, tangu lini umeanza kupenda mnanaa. Watu walikuja sebuleni kwake kila alasiri kunywa chai na kunuswa, na aliyekwisha kunuswa alibaki kusikiliza mwenzake akinuswa. Ndiyo maana viti kumi na viwili havikutosha, na wengine walikaa juu ya sanduku la nguo.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba pua hiyo ilikuwa imekufa miaka mitatu nyuma. Mafua makali ya wiki mbili yaliondoka nayo. Asubuhi moja Bibi alifungua kopo la kahawa, akaingiza uso wote, ikawa kama ananusa ukuta. Akajaribu sabuni. Akajaribu mafuta ya taa. Akajaribu viatu vya mjukuu wake aliyeishi naye, aliyefanya kazi posta na kushinda amesimama, na alipoona hata hivyo havisemi kitu, akaketi jikoni akajua mambo yameharibika.

Hakumwambia mtu. Aliendelea na kazi kwa macho, kwa masikio, na kwa msaada wa jirani yake Mama Mapazia, mshonaji wa mapazia ambaye hajawahi kukaa na habari mpaka ikapoa. Asubuhi Mama Mapazia alikuja kuazima sukari na kumwaga yote aliyoyasikia. Alasiri Bibi aliyarudisha kwa wenyewe kama harufu. Na Mama Mapazia, akiwa amekaa papo hapo na kikombe mkononi, alipigwa na butwaa kila siku. "Huyu mama," alisema, "sijui anajuaje."

Kuficha huko hakukuwa kwa ajili ya sifa peke yake. Mwanawe mkubwa alikuwa mwalimu wa udereva, mtu aliyezoea kukaa kiti cha pembeni akisubiri ajali. Hata mezani, mtu akimimina chai kwa kasi, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu. Kwa miaka miwili alikuwa anataka mama yake ahamie kwake, ghorofa ya nne, upande wa pili wa mji, mahali pa salama. Bibi alishakwenda huko mara tatu. Majirani walijuana kwa namba za milango. Dirisha lilitazama ukuta wa jengo jingine, na katika siku mbili nzima aliyepiga hodi ni msoma mita tu. Kwake ilikuwa sawa na kuwekwa juu ya kabati na vyombo vya wageni.

Lakini nyumba yake ilikuwa na baridi, na jiko la zamani la sebuleni lilimkohoza. Basi watoto wakamnunulia mashine ya gesi ya kupasha na kupoza nyumba, na Mwalimu akatoa sharti lake mbele ya wote: "Fundi akiridhika kwamba Mama anaweza kubaki na hiyo mashine peke yake mchana, sawa. Asiporidhika, Mama anafungasha." Bibi alikubali papo hapo, kwa sababu siku ile hakujua kwamba fundi atauliza habari za pua.

Mashine ilifika asubuhi juu ya lori lenye kreni, na mtaa ukatoka kuitazama, Mwalimu akiwa mbele. Lilikuwa kasha la chuma, kubwa kama kabati la nguo lililolazwa, na mambo yote yalikuwa humo humo: moto wa gesi wa wakati wa baridi, mtambo wa kupoza wa wakati wa joto, na feni ya kusukuma hewa. Lenyewe lingekaa uani. Hewa ndiyo ingeingia ndani, kwa njia mbili pana za bati zilizopitishwa ukutani. Kreni ikalishusha taratibu juu ya sakafu ndogo ya zege iliyomwagwa wiki iliyopita, wanaume wawili wa lori wakalisogeza kidogo kwa mtarimbo, wakaaga.

Aliyebaki alikuwa Fundi, mwanamke mnene mwenye ovaroli ya bluu na penseli iliyokaa sikioni kama imeota hapo. Aliweka pima maji juu ya kasha, akachuchumaa, akafumba jicho moja.

"Limekaa sawa," alisema. "Sasa, hili benchi limefuata nini hapa?"

Benchi lilikuwa wazo la Bibi. Alikuwa amelisukuma jana mpaka pale ambapo mashine ingekaa, ili yeye na wenzake wapashe migongo wakizungumza.

"Hilo la mazungumzo, mwanangu," alisema Bibi.

"Mazungumzo yasogee hatua nne, Bibi. Moshi wa moto unatokea hapa, na hewa ya kuwashia inaingilia hapa. Ukikaa hapa unaliziba pumzi, nalo linakupulizia moshi mgongoni. Na zile nguo?"

Kamba ya nguo ya Mama Mapazia ilivuka uzio kila siku ya kufua, na shuka moja la maua lilikuwa linapepea karibu kabisa na tundu la moshi.

"Shuka langu lina kosa gani?" aliuliza Mama Mapazia kutoka upande wake.

"Halina kosa, mama. Siku likidondoka hapo mbele ndipo litakuwa nalo."

"Haya, nalihamisha. Ila huyo fundi mkali, Bibi. Ananukiaje?"

Bibi alimtazama Fundi. Kwenye mkono wa ovaroli kulikuwa na unga mweupe uliofutwa vibaya. "Ametoka kupika mkate asubuhi hii," alisema.

Fundi aliangalia mkono wake, akacheka. "Haya, nimenuswa."

Kazi ilikwenda vizuri mpaka saa sita. Fundi alifunga njia za bati na kuziba viungo vyake, akavuta nyaya kutoka kwenye swichi yake ya peke yake, akaunganisha waya wa ardhini kabla ya zile nyingine, akaweka bomba dogo la kutoa maji yanayodondoka wakati wa kupoza. Bomba la gesi alilileta kutoka kwenye mita, akalijaza hewa, akafunga kipimo, na wote wakakaa kimya dakika kumi na tano wakitazama mshale usiosogea, kana kwamba ni mpira wa penalti. Mshale haukusogea. Akatoa hewa, akaunganisha kiungo cha mwisho, kile cha kwenye mashine yenyewe, akaagiza moto wote jikoni uzimwe na mtu yeyote asiguse swichi wala simu pale uani. Kisha akafungua valvu kidogo tu, akachukua kopo la maji ya sabuni na brashi, akaanza kupaka povu tangu mwanzo, kule kwenye mita.

"Unaliogesha?" Mama Mapazia aliuliza, akiwa sasa amevuka uzio.

"Gesi ikitoka, povu linavimba. Wengine wanatafuta kwa kiberiti. Hao huwa hawatafuti mara mbili."

Bibi alikuwa amevuta kigoda akakaa kando ya mashine, mkono mmoja juu ya kasha kama mtu aliyenunua ng'ombe. Alikuwa anamsimulia Fundi kisa cha mpiga picha wa barabara ya chini aliyepiga harusi nzima bila kuweka filamu, na alikuwa amefika pale ambapo bibi harusi anavua kiatu. Mjukuu akatoka jikoni na sinia la chai. Akasimama mlangoni, hatua sita nzima kutoka pale. Pua ikajikunja.

"Gesi," alisema. "Bibi, gesi hiyo."

Fundi alikuwa ameshafunga valvu kabla neno halijaisha. Mwalimu alikanyaga breki mara mbili hewani. Fundi akaja mpaka kwenye kiungo cha mwisho, akakipaka povu, akafungua kidogo, na povu likavimba kama shavu la mtoto. Kiungo kilikuwa karibu na goti la Bibi, umbali wa kiganja.

Watu wote wakamtazama.

Ulimi wa Bibi Pua ulikuwa na mazoezi ya miaka mitatu. "Mmechelewa," alisema. "Mimi nilikuwa nawapima. Nikasema ngoja nione katika nyumba hii nani mwingine ana pua."

Uani pakalipuka kicheko. Mama Mapazia alijipiga paja, Mjukuu akasema ndivyo alivyo huyu, na hata Mwalimu akatabasamu na kutikisa kichwa. Fundi peke yake hakucheka. Alifungua kiungo, akakisafisha, akakipaka upya dawa ya kuzibia, akakikaza kwa spana mbili, akapaka povu tena. Safari hii povu lilikaa limetulia, likitiririka polepole kwenye bomba.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakijia," alisema. "Ndiyo kazi ya sabuni." Lakini macho yake yalikuwa kwa Bibi.

Bibi aliingia ndani akisema anatafuta miwani, iliyokuwa juu ya pua yake. Alisimama sebuleni katikati ya viti vitupu. Uongo ulikuwa umepita salama kabisa, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa amekaa pale na gesi ikimpanda gotini, akisimulia habari za kiatu. Kama ni ndani, milango imefungwa, chai iko motoni? Kama ni siku ambayo Mjukuu amelala, yule anayelala mpaka unambeba na godoro? Kisha akaiona ghorofa ya nne, na dirisha linalotazama ukuta, na msoma mita. Akakaa juu ya sanduku la nguo. Akanyanyuka. Akakaa tena.

Fundi alipoingia aliwasha mashine kwa mara ya kwanza, wakati madirisha yote yako wazi. Akabonyeza kidude cha ukutani cha kuchagulia joto. Nje feni ikaanza kuguna, kisha moto ukashika kwa mguno mzito, na baada ya dakika hewa ya vuguvugu ikatoka kwenye matundu mawili ya ukutani na kuinua kitambaa cha meza. Mama Mapazia akafika mbele ya tundu, akainua mikono yote miwili kama anayepimwa nguo.

"Nitahamia hapa," alisema.

"Bado," alisema Fundi. "Kuna karatasi." Akakaa mezani, akatoa penseli sikioni, akasoma kwa sauti, akiweka alama. Mashine imekaa sawa, ndiyo. Nafasi pande zote, ndiyo. Viungo vimepimwa kwa povu, ndiyo. Moshi uko mbali na madirisha, ndiyo. "Wakazi wa nyumba wanaitambua harufu ya gesi."

"Hapo weka ndiyo mbili," alisema Mwalimu. "Huyu ni Bibi Pua."

Penseli ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Andika hapana," alisema Bibi.

Fundi akainua kichwa.

"Andika hapana, mwanangu. Sinusi kitu. Mwaka wa tatu huu. Pale uani sikuwa nampima mtu. Ungeniwekea gesi yote ya mji huu puani, ningekuuliza kama chai iko tayari."

Penseli ikabaki hewani. Wa kwanza kusema alikuwa Mama Mapazia.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Yule fundi saa uliyemwambia ananukia manukato ya mke wa mtu?"

"Uliniambia wewe. Asubuhi ile ile."

"Na habari ya keki kuungua kule kona?"

"Wewe pia."

Mama Mapazia akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo miaka mitatu nimekuwa nashangazwa na maneno yangu mwenyewe."

"Na ulishangaa vizuri sana, shoga yangu."

Mjukuu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Bibi, na mimi? Uliposema nanukia mtu wa pikipiki?"

"Nywele zako zilikuwa zimelala kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe. Kofia gani nyingine inalaza nywele hivyo?"

Hapo Mama Mapazia alishindwa kabisa, akakaa sakafuni akicheka kwa machozi, na Mjukuu akamfuata, na Bibi mwenyewe akaanza kutikisika mabega. Mwalimu hakucheka. Alikuwa amesimama, mkono mfukoni, ukitafuta funguo za gari.

"Mama, pole sana," alisema, na alisema kwa upole wa kweli. "Ungeniambia. Lakini tulikubaliana. Fundi hawezi kuridhika na hili. Kesho nakuja na gari."

Kicheko kikakatika. Bibi akaangalia viti vyake kimoja kimoja.

"Mwalimu," alisema Fundi, "mimi sijasema kama nimeridhika au la. Gesi ya bombani imetiwa harufu makusudi, ili watu waijue. Lakini kuna ile nyingine, ya moto usioungua vizuri, inayoua watu usingizini. Unajua inanuka vipi?"

"Vipi?"

"Hainuki. Kwa mtu yeyote. Kwa gesi hiyo, pua yako na ya mama yako ni sawasawa. Ndiyo maana sikabidhi nyumba bila kengele." Akatoa mkobani visanduku viwili vyeupe. "Kimoja kinapiga kelele kwa ile isiyonuka, kingine kwa ile inayonuka. Kwako una vingapi?"

Mwalimu akaacha kutafuta funguo. "Kwangu?"

"Ghorofa ya nne. Unapikia nini?"

"Gesi," alisema Mwalimu, sauti ikiwa imepungua.

"Na kengele?"

Mwalimu akatoa mkono mfukoni, mtupu.

"Mtu ambaye hanusi," alisema Fundi, "apelekwe kwenye gesi isiyo na kengele. Mimi naangalia tu."

Mama Mapazia, bado sakafuni, aliachia kicheko kidogo cha puani.

Fundi alifunga visanduku, kimoja juu ukutani karibu na dari, kimoja kwenye ujia unaokwenda vyumbani, akisema kila kimoja na mahali pake kulingana na gesi yake. Kisha akasema hakabidhi kwa maneno. Kila mkazi na kila anayedai kulinda mkazi atafanyiwa mtihani. Aanze Mwalimu, kwa kuwa mitihani ni kazi yake.

"Kaa pale. Umesinzia. Kengele ikilia, fanya la kufanya."

Akabonyeza kitufe cha kujaribia. Kengele ikalia kwa ukali wa kufanya meno yaume. Mwalimu akaruka, akafika mlangoni kwa hatua mbili, na kwa mazoea ya miaka yote akanyoosha mkono akawasha taa.

"Umefeli," alisema Fundi.

"Nimefeli vipi? Nilikuwa hata sijatoka."

"Umewasha swichi nyumba ikiwa na gesi. Cheche moja ndogo, basi. Hakuna anayetoka hapo."

Mwalimu alitazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Watu aliowafelisha katika mji huo wangejaza uwanja, na sasa Mama Mapazia alikuwa anamwuliza kama atarudia wiki ijayo au mwezi ujao.

Ikawa zamu ya Bibi. Alikaa kwenye kiti chake, akafumba macho, akakoroma kidogo kwa ajili ya uhalisia. Kengele ikalia. Bibi akanyanyuka bila kugusa ukuta wala swichi, akavuta blanketi la Mjukuu aliyejilaza sofani na Mjukuu mwenyewe akaja nalo, akasukuma mlango ukabaki wazi, akatoka uani, akaenda moja kwa moja kwenye valvu. Akaizungusha mpaka mpini ukakaa kukingama na bomba. Kisha akaendelea kutembea mpaka barabarani, akavuka, akasimama mbele ya lango la jirani, na kutoka huko akapaza sauti, "Sasa nawapigia watu wa gesi kwa simu ya hapa, au natakiwa kurudi kuchukua mkoba?"

"Mkoba unaacha," alijibu Fundi kutoka mlangoni.

"Naacha. Una picha tu za watoto, na wenyewe wamekua vibaya."

Fundi akaangalia saa, akarudi mezani, akaandika. Mwalimu alimfuata, akainama kusoma juu ya bega lake. Ilikuwa imeandikwa kwamba mkazi mmoja hanusi, kwamba kengele mbili zimefungwa na kujaribiwa, kwamba mkazi huyo amefunga valvu na kutoka kwa sekunde thelathini na moja, na kwamba mashine imekabidhiwa kwake. Chini palikuwa na nafasi ya shahidi.

Mwalimu alishika penseli, akasoma tena tangu mwanzo. Bibi alikuwa amerudi, amesimama nyuma ya kiti, hasemi, jambo ambalo nyumba hiyo haikulizoea.

"Kila mwezi mnazijaribu hizi kengele?" Mwalimu aliuliza.

"Kila mwezi," alisema Fundi. "Kwa kitufe hicho hicho."

"Nitakuwa nakuja mwenyewe kuzibonyeza."

"Njoo na mkeo," alisema Bibi. "Na ulale."

Akatia sahihi. Kisha, bila kumtazama mtu, akamwuliza Fundi kama wiki hii ana nafasi ya kupanda ghorofa nne na kengele mbili, na Fundi akasema anayo, ila kuna mtihani wa marudio.

Kufikia alasiri habari ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima, na hakuna haja ya kusema nani aliizungusha. Watu walikuja kuona mashine, na walikuja zaidi kuiona pua iliyokufa. Wengine walidai walijua siku nyingi. Fundi saa alikaa karibu kabisa na Bibi, kwa mara ya kwanza bila wasiwasi. Hewa ya moto iliingia polepole, makoti yakavuliwa, na sanduku la nguo likabeba watu wanne.

Mtu mmoja karibu na tundu la ukutani akakunja uso. "Lakini kuna kitu kinanuka."

Fundi, aliyekuwa amebakizwa kwa nguvu na kikombe cha tatu, akasema ni mafuta ya kiwandani yanaungua kwenye chuma kipya; madirisha yabaki wazi saa moja, yataisha yenyewe.

"Yananuka vipi?" Bibi aliuliza.

Chumba kikamgeukia. Kwa miaka mitatu alikuwa akiwaambia wao.

"Kama pasi mpya," alisema Mjukuu. "Siku ya kwanza unapoiwasha."

"Hapana, kama gereji," alisema Mwalimu. "Injini ikiwa imetoka kuoshwa."

"Mimi nasikia sabuni," alisema mtu wa kwenye sanduku. "Ile ya povu. Na makoti ya watu."

"Makoti ya nani?"

"Bibi, hapo usinitie matatani."

"Sema tu," alisema Bibi Pua, akivuta kiti chake katikati, macho yamefumbwa. "Anzeni huku mlangoni, mzunguke. Mmoja mmoja. Na msinidanganye, maana nitajua."